Stika ya Nabii Juu ya Geji

Nani amewadanganya nyinyi vijana kwamba sanamu lazima iwe ya mti au ya jiwe? Nauliza kwa sababu juzi kijana mmoja wa kanisa letu hapa Burat aliniambia, kifua mbele, "Mzee, mambo ya kuabudu sanamu ilikuwa ya zamani, ya wale watu wa ndama ya dhahabu. Sisi tumeokoka." Nikaangalia pikipiki yake. Taa ya nyuma, ile ya breki, ilikuwa imezibwa yote na stika ya nabii anayetabasamu. Lori likiwa nyuma yake dereva haoni kama kijana amefunga breki, anaona meno ya nabii. Halafu ati sanamu ni za zamani!

Kwa hivyo kaeni chini. Nyinyi mnaojifunza ufundi, na nyinyi mnaojifunza uchungaji pia, nyinyi hasa. Mimi nilikuwa fundi wa injini za visima vya bomba. Nimezitengeneza hapa Burat, nimezitengeneza mpaka Biliqo, na mpaka siku nilipostaafu sikumaliza kutoa grisi kwa kucha. Sasa napanda sukuma wiki na kitunguu, na ningepaswa kuwa mtu mtulivu. Mke wangu ameniomba nisiongee haya mambo kwa sauti kubwa. Nimekataa.

Na msianze kusema mzee huyu hana imani. Nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, mke wangu anaimba kwaya, na hakuna siku niliwahi kufungua injini bila kuomba kwanza. Ombi langu lilikuwa fupi: Bwana, nifungue macho nione penye shida. Sikuwahi kumwambia Mungu aje ashike spana. Mikono alishanipa, na ningekuwa mtu wa ajabu kumrudishia niseme tumia wewe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mborana, marehemu fundi Galgalo, Mwislamu wa kuswali swala zote. Siku ya kwanza nilimkuta amelala chini ya injini, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikasema habari ya asubuhi, akajibu salaam bila kutoka, akanyoosha mkono nimpe spana. Basi, hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Mara moja tulikuwa upande wa Merti, injini imegoma, ng'ombe wamejaa mpaka mlangoni, na mzee mmoja akamsihi Galgalo aiombee ile injini. Galgalo akamwambia, "Mzee wangu, mimi nimeomba alfajiri. Mungu amesikia. Sasa sogeza hiyo ng'ombe yako nipate mwanga."

Kitu kimoja alikuwa mkali nacho kuliko vyote: neno mafuta. Nyinyi mnajua lugha yetu. Mafuta ni ya kupika, mafuta ni ya kujipaka, mafuta ni ya taa, mafuta ni ya gari. Ukimwambia Galgalo, "Fundi, injini inataka mafuta," alikuwa anakuacha usimame hapo mpaka uone haya. "Mafuta gani? Hapa kazini hakuna mafuta. Kuna dizeli, kuna oili, kuna grisi. Ukitaka mafuta nenda jikoni kwa mama yako." Tulikuwa tunamcheka tukienda kula. Lakini tulizoea, na mimi niliwafundisha hivyo hivyo waliokuja baada yangu. Kila kitu kiitwe kwa jina lake, kwa sababu injini haina njia ya kuuliza ulimaanisha nini.

Siku hizi mambo ni sola, najua. Mnanicheka na dizeli zangu. Lakini sola nayo nimeiona. Paneli imejaa vumbi mpaka unaweza kuandika jina juu yake, maji yanatoka kama machozi, na watu wameshikana mikono wanakemea roho ya ukame. Nikaomba maji kidogo na kitambaa, nikapanguza. Maji yakatoka. Mama mmoja akasema, "Fundi, wewe uko na karama." Karama! Mimi niko na kitambaa, mama.

Sasa niwaambie yaliyonichoma. Ilikuwa miezi michache kabla nistaafu, wakati wa kile kiangazi kibaya. Dada yangu mdogo Akai anaishi kijiji kimoja ukipita Ngare Mara kuelekea upande wa Gotu. Jina la kijiji naliacha, wenyewe wanajijua. Akai ni mjane. Alikuwa amebaki na mbuzi wachache baada ya ukame kula wengine, na maziwa ya hao mbuzi ndiyo yalikuwa chakula cha wajukuu wake. Mto ulikuwa umekauka, umebaki mchanga. Kwa hivyo mbuzi walitegemea kisima, kisima kilitegemea injini, na watoto walitegemea mbuzi. Muweke hilo akilini.

Simu ikalia. Ni Ewoi, mtu mzima na familia yake, yule tuliyemfundisha kuendesha ile injini.

"Fundi, injini imekataa. Imeshika kabisa, hata haizunguki."

"Oili uliangalia?"

"Tuliweka mafuta."

Nikasikia damu inapanda. "Ewoi. Mafuta gani?"

Nikasikia mbuzi wanalia nyuma yake, na mtu anamwambia asiseme.

"Mafuta, fundi," akasema mwishowe. "Ya upako."

Jamani! Nilikaa chini kwa mawe nje ya ofisi yetu ya maji. Kwanza nilicheka, na niliendelea kucheka mpaka mwenzangu akauliza kama ni habari njema. Halafu nikakumbuka Akai na mbuzi wake na kicheko kikaisha.

Nilipofika kijijini nilielezwa yote, na kila mtu aliyeeleza alikuwa anaangalia chini. Kulikuwa na nabii fulani wa mji mkubwa, yule anapita na hema na spika za kutikisa mabati. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga pale kijijini. Alikuwa na mjumbe wake, kijana wa suti wanamwita Mtumishi, anayekuja na pikipiki kila Jumapili na begi la vichupa na stika. Stika zilikuwa kila mahali. Kwa milango, kwa madumu ya maji, kwa kifuniko cha sufuria. Akai alikuwa amefunga moja kwa shingo ya mbuzi jike wake mkubwa, na kamba.

Jumapili iliyotangulia ile simu, Ewoi alisimama kwa matangazo akasema, "Ndugu zangu, injini yetu inataka mafuta." Alisema mafuta! Galgalo angefufuka. Na Mtumishi, hata hakuuliza swali, akaruka juu: "Mafuta tuko nayo!" Kanisa lote likaitikia amina. Wakatoka kwa maandamano na nyimbo mpaka kwenye nyumba ya injini, wakafungua kifuniko cha oili, wakamimina vichupa kimoja baada ya kingine mpaka begi likaisha.

Na mnajua ni nini inaniuma mpaka leo? Galoni ya oili ilikuwa hapo ndani. Mpya, haijafunguliwa, ofisi iliwaletea. Ilikuwa kwa kona ya nyumba ya injini, na Mtumishi alikuwa ameikalia wakati anasubiri wamalize kuimba.

Nilifungua ile injini nikasikia harufu ya chapati. Nawaapia! Yalikuwa mafuta ya saladi yaliyotiwa marashi kidogo. Yakipata moto wa injini yanakaangika, yanakuwa gundi. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kama ugali uliosahauliwa kwa sufuria. Lakini hata hivyo, injini haifi kimya. Joto likipanda, sindano ya geji, kile kipimo cha joto, inapanda nayo, inaingia kwa nyekundu, na mtu aliyefundishwa anazima. Ewoi alikuwa amefundishwa. Nilimfundisha mimi mwenyewe, akaweza.

"Ewoi," nikamwambia, "hukuona sindano?"

Akaonyesha kwa kidevu. Juu ya kioo cha geji ya joto kulikuwa na stika ya Nabii. Ilikuwa duara, na geji ni duara, imetoshea bila kubakisha hata ukingo. "Tuliona ni kama imetengenezewa hapo," akasema polepole. Alikuwa amesimama mbele ya ile injini inayokufa, anaangalia pale pale nilipomfundisha kuangalia, na kitu alichoona ni mtu anatabasamu.

Hapo ndipo nilielewa sanamu ni nini, na sikuelezwa na mhubiri yeyote. Sanamu ni kitu chochote kilichobandikwa mahali ambapo ulipaswa kuona ukweli. Kinaweza kuwa na sura nzuri. Kinaweza hata kuwa na msalaba kwa kona. Nyinyi mnabandika simu, mpaka mtu anakosa kuona uso wa mama yake anayezungumza naye mezani. Wengine wanabandika mwanasiasa, wanamwimbia nyimbo zile zile za kanisani, wamebadilisha jina tu. Na hapa kwetu Isiolo tunabandika kabila, mtoto wa watu anapigwa risasi kwa ajili ya ng'ombe, halafu Jumapili waliompiga na waliowaficha waliompiga wanainua mikono juu wanalia machozi. Mungu gani huyo wanamlilia? Nauliza tu.

Vipuri vilichelewa, na kukaa kungoja ndiko kulikuwa kubaya. Akai alikuwa anaamka anapeleka mbuzi mtoni kuchimba mchanga, na huko ndovu nao wanachimba, kwa hivyo unanywesha mbuzi jicho moja kwa shimo, jicho moja kwa ndovu. Mbuzi wadogo walianza kulala njiani wakakataa kuamka. Yule jike mkubwa alikufa na stika yake kwa shingo. Nilimkuta Akai anaifungua ile kamba, anaikunja vizuri, anaiweka kifuani.

"Mama Lokwang'," nikamwambia, kwa sababu nikiwa na hasira naye namwita kwa jina la mtoto wake, "hiyo nayo unaweka ya nini?"

"Imani yangu ilikuwa ndogo, Baba Ekiru. Mtumishi amesema."

Mnasikia? Mbuzi amekufa na kiu, kiu imeletwa na injini, injini imeuawa na mafuta ya saladi, na mwenye makosa ni mjane ambaye imani yake ilikuwa ndogo. Nilitaka kutukana. Nilitukana, hata. Mungu amenisamehe hiyo, kwa sababu nafikiri yeye pia alikuwa karibu kusema kitu.

Siku vipuri vilipofika nilikaza kila kitu, nikasafisha njia zote za oili, nikamimina oili halali. Kijiji kizima kilikuwa mlangoni, na Mtumishi naye alikuwa amekuja, suti imepigwa pasi. Nikatoa kile chuma bapa cha kukwaruza gasketi nikaelekea kwenye geji.

"Usiguse!" Watu walipiga kelele pamoja. Mtu akanishika mkono. Mtumishi akaja karibu, sauti tamu kabisa. "Baba, mzee wangu, wewe ni mtu mzima, nakuheshimu. Lakini usipigane na upako."

"Mimi napigana na mafuta ya kukaanga viazi," nikamwambia. "Upako sijauona hapa. Na wewe nikuulize, Nabii wako akiwa kwa gari yake amebandika sura yake juu ya geji ya petroli?"

"Mkono wako utakauka," mama mmoja akasema, na hakuwa anatisha, alikuwa ananionea huruma. Akai alikuwa amefunika macho na leso. Nikakwaruza. Ilikuwa imeshika vibaya, ikatoka vipande, sikio, shavu, tabasamu. Nikapanguza kioo, nikaonyesha kila mtu sindano imelala pale chini mahali pake. Halafu nikawasha.

Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikawaka. Ile sauti! Mkisikia injini ya kisima ikianza kuimba wakati wa kiangazi mtajua kwa nini nilikaa kwa hii kazi. Bomba likatetemeka, hewa ikatoka, kisha matope, kisha maji safi, na mbuzi wakapita katikati ya miguu ya watu. Nilikuwa nataka kulia.

Ndipo Mtumishi akainua mikono. "Mmeona! Si niliwaambia? Upako haukosei, unachelewa tu!" Na watu wakapiga makofi. Walimpigia yeye! Mimi nimesimama hapo oili mpaka kwa kiwiko, Ewoi amesimama hapo, galoni tupu iko hapo miguuni, na watu wanamshukuru Nabii, mtu ambaye hata hajui kijiji hicho kiko upande gani wa barabara. Sikusema kitu, kwa sababu ningesema kitu ningeokota spana. Nilikusanya vyombo vyangu nikaingia kwa gari la ofisi, na dereva alijua asiniongeleshe mpaka mjini.

Mtasema, mzee, uliumia kwa sababu hukupigiwa makofi. Ngojeni basi.

Nilistaafu. Ofisi ilinifanyia sherehe ya chai na mandazi, nikavaa koti la harusi la shemeji yangu, nikapigwa picha. Mvua ikaja baadaye, nyasi ikaota. Siku moja Akai akanipigia. "Baba Ekiru, kuja unywe maziwa. Mbuzi wamezaa." Nilifurahi sana. Nikapanda gari nikaenda.

Niliwaona mbuzi, nikawaona wajukuu, mashavu yamerudi. Mtumishi alikuwa ameacha kuja, begi lake lilikuwa halinunuliwi tena. Nikamwuliza Akai, na injini? Akatabasamu. "Kuja uone."

Tukaingia kwenye nyumba ya injini. Sakafu imefagiwa. Hakuna stika hata moja ya Nabii. Na pale juu ya geji ya joto, imekatwa duara kwa makasi, imebandikwa na gundi pembeni, kulikuwa na picha yangu. Mimi, na koti la shemeji, na tai. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: Fundi Wetu, Tegemeo Letu.

Niwaambie ukweli. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia kama koti limenikaa vizuri.

Halafu hasira ikaja, ile ya zamani yote, na nyingine mpya. Nikaing'oa nikaitupa chini. "Akai! Mmerogwa? Mnatoa moja mnaweka nyingine?"

Na yeye, ambaye hajawahi kunipandishia sauti tangu tukiwa watoto, akapandisha. "Huyo Nabii tulimwita hakuja! Wewe tulikuita ukakuja! Mbuzi wangu wako hai kwa sababu ya nani? Unataka nishukuru nani, ukuta?"

"Shukuru Mungu. Mimi naweza kufa kesho."

"Ndiyo nasema! Ukikufa, sisi?" Alikuwa analia sasa. "Ewoi ameenda mjini kutafuta kibarua. Hakuna mtu anajua hii kitu. Nikiona sura yako hapo nasikia kuna mtu."

Dada yangu hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hubandika chochote anachopata. Hilo Mtumishi alilijua kabla yangu, na ndilo alikuwa akiuza kwa vile vichupa.

Nikamshika mkono nikamvuta mpaka kwa injini. "Chomoa hiki kijiti cha kupimia oili."

"Mimi ni mwanamke mzee, Baba Ekiru, sijui mambo ya—"

"Chomoa."

Akachomoa dipstiki kwa vidole viwili, ameishika mbali na nguo. Imejaa oili nyeusi mpaka juu. "Imejaa," akasema haraka, anataka kuirudisha.

"Hiyo ni uongo. Oili imeruka ikakipaka chote. Kwanza unafuta, unarudisha, unachomoa tena. Ya pili ndiyo unaamini. Iko na alama mbili, oili ikae katikati."

Akatafuta kitambaa. Hakikuwepo. Leso yake ilikuwa mpya, ya kunipokea mimi. Akaangalia huku na huku, akainama, akaokota ile picha yangu sakafuni, akaikunja juu ya dipstiki na kuivuta mpaka chini. Uso wangu ukawa mweusi, paji, pua, tai, yote. Akaitupa kando. Akarudisha dipstiki, akaichomoa tena, akaisogeza mlangoni penye mwanga na kuikazia macho.

"Imeshuka chini ya alama," akasema, bila kuniangalia. "Lete galoni."